Redio ya Kazini: Vyombo Vidogo vya Muziki Afrika Mashariki, kutoka Santuri hadi Kadi

Chombo cha muziki kinachokaa kando ya kazi, juu ya meza ya fundi cherehani, kwenye rafu ya kinyozi au chini ya kiti cha mlinzi, kina historia yake, na historia hiyo haifanani sana na ile ya vyombo vya sebuleni. Sebuleni watu hukaa wakasikiliza. Kazini mikono imeshughulika, macho yako kwenye kitambaa au kwenye wembe, na muziki unatakiwa uendelee wenyewe bila kuhudumiwa. Tena mwenye kukinunua hana fedha nyingi za kukipa, maana hakimwongezei pato. Kwa karibu miaka 100 watu wa mwambao na wa bara wamenunua vyombo vya kila namna kwa ajili hiyo, na hesabu iliyowabana haikuwa hasa bei ya dukani. Ilikuwa gharama ya kukilisha chombo: sindano, betri, kanda, kadi. Katika kila kipindi, chombo kilichoenea kuliko vingine ni kile kilichokula kidogo, hata kama sauti yake ilikuwa duni.

Kabla ya chombo chochote, muziki wa kazi ulitoka vinywani mwa wafanyakazi wenyewe. Wavuvi waliimba wakivuta nyavu, mabaharia wakipandisha tanga, wanawake wakitwanga kwa kupokezana mchi. Nyimbo hizo zilikuwa sehemu ya kazi, kwa kuwa ziliwapa watu wengi mwendo mmoja. Kazi za mjini zilikuja na hali nyingine. Fundi cherehani, fundi viatu, karani na mlinzi hufanya kazi peke yao, mara nyingi wameketi, na hawana mwenzao wa kupokezana naye ubeti. Wanachohitaji ni cha kuwaondolea uchovu wa saa nyingi za kurudia jambo lile lile, na hapo ndipo chombo kilipopata nafasi.

Santuri zilifika mwambao mwanzoni mwa karne ya 20, nyingi zikiwa za muziki wa Misri na India. Mwezi Machi 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri za Kiswahili zikaanza kupata soko kubwa. Baada ya vita vya pili vya dunia biashara hiyo ilipata makao hapa hapa: kampuni ya Assanand ya Mombasa ilitoa santuri kwa jina la Mzuri, na Nairobi kukawa na jina la Jambo. Gramafoni ya kubeba, ile yenye umbo la sanduku dogo, haikuhitaji umeme. Iliendeshwa na springi iliyokazwa kwa kuzungusha mpini.

Kwa mtu aliye kazini, hata hivyo, ilikuwa na usumbufu mkubwa. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10, inayozunguka mara 78 kwa dakika, humalizika kwa dakika 3 hivi. Hapo mtu hana budi kuinuka, kugeuza santuri, kukaza springi na kubadili sindano, kwa kuwa sindano za chuma zilitengenezwa kila moja kwa ajili ya upande mmoja tu. Ziliuzwa katika vibati vya sindano 200. Aliyetaka kubana matumizi alirudia sindano moja mara nyingi, na gharama ikahamia kwenye santuri, kwani ncha iliyolika hukwangua mifereji na kuharibu sauti kabisa. Santuri zenyewe zilivunjika zikianguka. Kwa hiyo gramafoni ikakaa mkahawani, ambako palikuwa na mtu wa kuihudumia, na fundi mwenye baraza ya jirani akasikia kilichopigwa kwa wateja wa kahawa.

Redio iliondoa kazi ya kugeuza santuri, ila ilileta mlo mwingine. Matangazo yalianza Nairobi mwaka 1928, lakini kwa miaka mingi yaliwalenga walowezi. Mwaka 1951 zilianza Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja, na tarehe 27 Juni 1957 BBC ikaanza matangazo ya Kiswahili. Redio za wakati huo zilitumia valvu, chupa ndogo za kioo zenye waya wa ndani ambao lazima upate moto ndipo sauti itoke. Kupasha moto waya huo kulikula umeme mwingi, na asiye na umeme wa ukutani alilazimika kununua betri nzito na ghali.

Ughali huo unaonekana wazi katika jaribio lililofanyika jirani, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari mjini Lusaka, aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya betri ambayo Mwafrika wa kipato cha kawaida angeimudu. Ilitoka mwaka 1949. Jumba lake la alumini lilikuwa na umbo la sufuria, limepakwa rangi ya buluu, na jina lake likawa Saucepan Special. Bei ilikuwa pauni 5, yaani shilingi 100, na betri yake shilingi 25 kwa saa 300 hivi. Kwa mtu anayesikiliza saa 8 kwa siku, betri hiyo haifikishi wiki 6. Betri 4, ambazo zingekwisha katika siku 150, zililingana na bei ya redio nzima. Franklin alifanikiwa kushusha bei ya dukani, na mafanikio hayo ni ya kuheshimiwa, lakini redio ya kuwasha tangu asubuhi hadi jioni ilikuwa bado mbali na mtu wa kawaida.

Transista ndiyo iliyobadili hesabu hiyo. Ilivumbuliwa Desemba 1947 katika maabara ya Bell, jimbo la New Jersey, Marekani. Haina waya wa kupasha moto, kwa hiyo hutumia sehemu ndogo sana ya umeme uliohitajiwa na valvu. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa kwa wingi, Regency TR-1, ilitoka Marekani mwaka 1954 ikiwa na transista 4 na bei ya dola 49.95. Hiyo haikuwa bei ya fundi wa Kariakoo wala wa Mombasa. Wajapani walizidi kuzishusha bei, na katika miaka ya 1960 redio za transista zikaenea Afrika Mashariki kuliko chombo chochote cha muziki kilichotangulia.

Wakati huo nchi zilikuwa zimepata uhuru, na serikali zilitaka sauti zao ziwafikie wananchi, jambo lililoipa redio ndogo msukumo. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966, kilichotengeneza betri na redio za National. Arusha kulikuwa na kiwanda cha Philips. Nakuru, nchini Kenya, kiwanda cha betri za Eveready kilianza mwaka 1967 na kiliendelea hadi 2014. Viwanda hivyo vya betri vilikuwa na uzito kuliko vile vya redio. Redio moja ilidumu miaka kumi na zaidi, ilhali betri zilinunuliwa tena na tena, na duka la kijijini lisilo na betri lilihesabiwa halina kitu.

Betri hizo zilikuwa za zinki na kaboni. Kopo la nje ni la zinki, na ndilo linaloliwa kadiri betri inavyotoa umeme. Katikati pana kijiti cha kaboni kilichozungukwa na unga mweusi wa manganizi. Redio ya mezani ilichukua betri kubwa 4 au 6, kila moja ya volti 1.5. Watumiaji walizijua tabia zake kwa uzoefu. Sauti ikianza kukwama na kufifia, betri zilitolewa na kuanikwa juani, juu ya bati au ukingoni mwa baraza, kisha zikarudishwa zikapiga saa kadhaa zaidi. Jambo hilo lina sababu ya kweli. Betri ikipumzika, mabaki ya kemikali yaliyojazana kuzunguka unga hupata muda wa kusambaa, na joto huharakisha mwendo huo. Wengine walizibonyeza kwa meno au kuzigonga, kwa nia ile ile ya kuusogeza unga ugusane upya.

Njia ya pili ilikuwa ya ustadi zaidi. Betri kuukuu 8 au 10 zilipangwa mstari mmoja ndani ya mwanzi uliopasuliwa au karatasi ngumu iliyoviringishwa, zikabanwa kwa mpira wa baiskeli, na waya mbili zikapelekwa hadi kwenye redio. Kila betri ilikuwa imebaki na volti moja au pungufu, lakini zikipangwa pamoja jumla yake ilitosha. Fundi aliyefanya hivyo alikuwa na elimu ya umeme, hata kama hakuwahi kuingia darasani kuisoma. Hasara ilikuja baadaye: kopo la zinki likishatoboka, majimaji yake huvuja na kula springi na vibati vya ndani ya redio. Sehemu kubwa ya kazi ya mafundi redio ilikuwa kukwangua ukoga huo kwa msasa na kuchomelea kibati kipya.

Redio ya transista ililisha masikio kwa bei ya betri tu, lakini msikilizaji hakuchagua wimbo. Alipokea kilichopangwa na kituo, na muziki uliingiliwa na taarifa ya habari, hotuba na mafunzo ya kilimo. Vipindi vya salamu viliziba pengo hilo kidogo: msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya anaowasalimu na wimbo anaoutaka, kisha akasubiri siku ikasomwa. Ilikuwa furaha kubwa kusikia jina lako mbele ya wateja. Lakini anayetaka taarabu ya kwao saa nne asubuhi, siku ya kazi, hakuwa na la kufanya.

Kaseti ilimpa uwezo huo. Philips waliitangaza Berlin mwishoni mwa Agosti 1963. Kiongozi wa kazi hiyo, Lou Ottens, alikuwa amechonga kipande cha mbao kinachoenea mfukoni mwa koti na kuagiza kwamba chombo kisizidi ukubwa huo. Utepe wake una upana wa milimita 3.81 na hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Kaseti ya dakika 60 hupiga nusu saa kabla ya kugeuzwa, yaani mara 10 ya upande wa santuri, na haivunjiki kirahisi ikidondoka. Philips pia waliwaruhusu watengenezaji wengine kuitumia bila malipo, na kwa sababu hiyo kaseti ya kampuni yoyote iliingia katika redio ya kampuni yoyote. Kubwa kuliko yote, kaseti hurekodi. Santuri ilimfanya mtu kuwa mnunuzi. Kaseti ilimfanya awe na hazina ya kuipanga mwenyewe, na akichoka nayo akaifuta.

Chombo kilichoshika baraza na karakana tangu mwisho wa miaka ya 1970 kilikuwa redio kaseti: spika moja au mbili, mkono wa kubebea, redio na sehemu ya kanda. Mombasa, duka la Mbwana Radio Service katika Mji wa Kale lilijulikana kwa kurekodi waimbaji wa taarabu na kuuza kanda zao. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, na bendi zilirekodi zaidi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyimbo zilizorushwa hewani zilinaswa majumbani, zikaenea kwa kunakiliwa mkono hadi mkono. Madukani palikuwa na deki mbili zilizounganishwa. Mteja alifika na kanda tupu na orodha ya nyimbo, akalipa, akarudi kesho kuchukua. Kanda iliyopangwa kwa siku ya kazi ilikuwa na utaratibu wake, na wapo waliojali ipi ianze asubuhi na ipi ifuate baada ya chakula.

Mlo wa betri ulirudi kwa nguvu, kwani mota ya kuzungusha kanda inakula umeme kuliko redio yenyewe, na kurudisha kanda nyuma kwa mota kunakula zaidi. Dawa yake ilikuwa kalamu ya Bic. Mwili wake una pembe 6, na tundu la kaseti lina meno 6, hivyo kalamu inashika sawasawa. Mtu aliyekuwa akisubiri mteja alining'iniza kaseti kwenye kalamu na kuizungusha hewani hadi utepe wote ukarudi. Kanda iliyoliwa na chombo ilivutwa taratibu, ikanyooshwa kwa vidole, na ikiwa imekatika iliungwa kwa gundi ya karatasi. Vumbi la mbao, nyuzi na unga wa mahindi vilijaa kwenye hedi, sauti ikawa kama inatoka chini ya maji. Pamba na spiriti vikairudisha. Mkanda wa mpira unaozungusha mota ulilegea kwa joto la nchi zetu, na nyimbo zikaanza kuvutika. Chombo cha kaseti kilihitaji kutunzwa, na mafundi waliokitunza walistahili sifa kuliko walizopata.

Walkman ya Sony ilitoka Japani tarehe 1 Julai 1979 kwa yeni 33,000. Asili yake ilikuwa kazini: ilitokana na Pressman, kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari, kikaondolewa uwezo wa kurekodi na kuongezwa sauti ya stereo na hedifoni nyepesi. Huko Japani, Ulaya na Marekani ilibadili namna watu walivyosikiliza muziki njiani na ofisini. Huku kwetu ilipendwa na wanafunzi na wasafiri, lakini barazani haikuifukuza redio kaseti. Kazi nyingi za mjini hufanywa mbele ya wateja, na fundi aliyeziba masikio hawezi kupokea salamu, kupatana bei wala kusikia mtoto aliyetumwa kuchukua nguo. Muziki wa kazini ulikuwa pia wa mteja na wa mpita njia. Ni kosa kudhani kwamba watu walishindwa kununua hedifoni, walichagua spika.

Tanzania ilipita kipindi kigumu tangu vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Bidhaa nyingi za dukani ziliadimika, betri zikiwamo, na redio nyingi nzima zilikaa kimya kabatini. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu watu wenye fedha za kigeni walizozipata wenyewe kuagiza bidhaa kutoka nje, na redio kaseti za Dubai zikaanza kuonekana tena. Unguja na Mombasa, jamaa walioko Omani na nchi za Ghuba walikuwa wakirudi nazo likizo. Muongo uliofuata ulileta vituo binafsi. Kampala ilipata Sanyu FM mwaka 1993, mwaka ule ule ambao Tanzania ilipitisha sheria mpya ya utangazaji, na Radio One ikaanza Dar es Salaam mwaka 1994. Vituo hivi vilipiga muziki kutwa nzima, na kwa watu wengi wa mijini redio ya kawaida ikatosha tena kwa kazi.

Katika miaka hiyo hiyo Mwingereza Trevor Baylis alirudi kwenye springi. Mwaka 1991, baada ya kuona kipindi cha televisheni kuhusu UKIMWI Afrika na haja ya kuwafikishia watu habari, alibuni redio inayopata umeme kwa kuzungusha mpini. Ilitengenezwa Cape Town na kuitwa Freeplay. Baylis alilenga shabaha ya kweli, kwa kuwa tatizo lilikuwa betri. Lakini redio yenyewe ilikuwa nzito na ghali, na mara nyingi iliwafikia watu kama msaada badala ya bidhaa waliyoichagua. Sahani za CD nazo zilikuja na kupita bila kuacha alama kubwa barazani. Chombo cha CD kinachobebeka huruka kikitikiswa, hula betri haraka, na sahani ikipata mikwaruzo haiungiki kwa gundi.

Badiliko kubwa kuliko yote baada ya transista lilitokana na kubana sauti. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, Erlangen, Ujerumani, wakiwa pamoja na Karlheinz Brandenburg, walitafuta namna ya kuondoa katika muziki zile sehemu ambazo sikio halizitambui. Mwaka 1995 mafaili yao yalipewa jina la MP3. Kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya muziki huchukua takriban megabaiti 1, yaani sehemu moja ya 11 ya nafasi inayochukuliwa kwenye CD. Sehemu ya pili ilikuwa memori ya flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Haina kinachozunguka, kwa hiyo vumbi la msumeno halina cha kukwamisha na mtikiso hauna cha kurusha. Kwa mahitaji ya kazini ni vigumu kufikiria kitu kifaacho zaidi.

Vyombo vya kwanza havikuwa vya mnyonge. Rio PMP300 ya mwaka 1998 iliuzwa kwa dola 200 ikiwa na megabaiti 32, nafasi ya nusu saa tu, sawa na upande mmoja wa kaseti ya dakika 60. Makampuni ya muziki ya Marekani yaliishtaki yakitaka izuiwe, yakashindwa, na hukumu ya rufaa ya Juni 1999 ikawafungulia njia watengenezaji wengine. Apple walitoa iPod Oktoba 2001 kwa dola 399. Mwaka 2007 mtu wa Marekani aliyetaka kitu cha kubana kwenye mfuko wa shati akiwa ofisini aliweza kununua Sansa Clip ya gigabaiti 1 kwa dola 40 hivi. Wakati huo huo viwanda vya China vilikuwa vinatoa mamilioni ya vyombo visivyo na jina, vingi vikitumia chipu ya kampuni ya Actions ya Zhuhai na betri moja ndogo ya AAA. Hivyo ndivyo vilivyofika Kariakoo na barabara ya Luthuli mjini Nairobi.

Kilichoshika baraza, kwa mara nyingine, hakikuwa cha hedifoni. Kilikuwa redio ndogo ya plastiki yenye spika ya upana wa kiganja, FM, tundu la flashi na tundu la memori kadi. Kadi ya microSD, iliyopata jina hilo mwaka 2005, ni ndogo kuliko ukucha, na ya gigabaiti 2 inabeba zaidi ya saa 30 za muziki, karibu siku 4 za kazi bila wimbo kurudiwa. Betri ya nyingi kati ya redio hizo ni BL-5C, ile ya simu za Nokia: volti 3.7, nyembamba, inayochajiwa mara mamia. Uteuzi huo ulikuwa wa akili sana. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ilitumia betri hiyo hiyo, na kila mtaa ulikuwa na betri hizo, chaja zake na mafundi wake. Mwaka 2007 Nokia iliwaonya wateja kuhusu BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita, kampuni ile ile iliyokuja Dar es Salaam miaka 40 nyuma, kwa kuwa zingeweza kupata moto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Onyo hilo bado lina maana, kwani BL-5C za bandia ni nyingi sokoni, na betri iliyovimba haifai kurudishwa kwenye redio.

Badala ya duka la deki mbili kukawa na kibanda cha kompyuta. Mteja hutoa kadi, hutaja wasanii au aina ya muziki, na kijana wa kibandani humjazia nyimbo kwa malipo madogo. Mlo wa chombo ukawa karibu bure. Ila hapo lazima isemwe wazi kwamba gharama haikuyeyuka. Ilihamishiwa kwa mwanamuziki. Tanzania ilitunga sheria ya hakimiliki mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, na Kenya ikatunga yake mwaka 2001, lakini malipo ya kibandani hayakumfikia mtunzi. Waimbaji ambao sauti zao zilichangamsha kazi za mamilioni walizeeka bila pato lililolingana na huduma hiyo. Unafuu wa redio ya kadi ulilipiwa na watu hao, na ni deni ambalo historia hii haiwezi kulipita kimya.

Simu ya mkononi imechukua sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Simu za batani za Tecno na itel zilikuja na spika kubwa na tundu la kadi, na tangu mwaka 2015 programu ya Boomplay imewapa wenye simu janja nyimbo nyingi kwa utaratibu unaowatambua wasanii. Mlo hapa ni bando, na simu inayopiga muziki kutwa huishiwa chaji kabla ya mteja kutuma pesa. Kwa sababu hiyo redio ya kadi haijatoka. Mitambo midogo ya jua inayolipiwa kidogo kidogo, kama ile ya M-KOPA iliyoanza Kenya mwaka 2012, imewapa hata wasio na umeme wa gridi njia ya kuchaji.

Hata kiasi cha sauti kimekuwa jambo la kupimwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki, muda ambao fundi wa kawaida huupita. Karakana ya useremala ina makelele yake tayari, na anayepandisha redio ishinde randa ya umeme anajiumiza. Mlinzi na mwendesha bodaboda wanaotumia hedifoni wana hatari ya pili, ya kutosikia kinachowajia.

Apple waliacha kutengeneza iPod Mei 2022, na redio ya kadi inaendelea kununuliwa kwa namna inayoonyesha jinsi wanunuzi walivyoielewa. Mzoefu huja dukani na kadi yake. Huuliza kama betri inatoka, kwa sababu iliyofungwa ndani ikifa chombo kimekufa. Hubonyeza batani zote, maana hizo ndizo zinazochoka kwanza. Huhakikisha chombo kinasoma kadi ya gigabaiti 32, iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, na hujua kwamba vingi vya bei ya chini hupiga nyimbo kwa mfuatano zilivyonakiliwa, si kwa alfabeti, kwa hiyo atakayemjazia kadi aziingize kwa mpangilio anaoutaka. Mwisho huzima katikati ya wimbo na kuwasha tena. Chombo kinachoanza upya wimbo wa kwanza kila kikiwashwa hakimfai mtu wa kazi ya kukatizwa katizwa, atakayesikia nyimbo 5 zile zile mwaka mzima. Kinachokumbuka kilipoishia ndicho anachokilipia.